Likizo Si Nguo Kuukuu ya Kuuzwa



Kila mwaka ufikapo mwezi wa Desemba, tunawaona wageni. Huko kwao ni majira ya baridi, theluji imefunika barabara, nao wanakimbilia jua letu. Wengine huja katika yale malori marefu ya watalii, yenye viti juu na masanduku ya vyombo vya kupikia ubavuni. Wengine huendesha gari lenye kitanda na jiko ndani yake, yaani nyumba yenye magurudumu. Hulala Jinja kando ya mto Nile, huvuka ziwa kwenda visiwa vya Ssese, kisha huteremka mpaka pwani ya Kenya, Tiwi na Diani, wakapiga mahema yao karibu na maji. Asubuhi wanaoga, mchana wanalala kivulini, jioni wanakoka moto na kuzungumza. Hivyo ndivyo wanavyofanya wiki mbili, tatu, hata miezi.

Hatuandiki makala hii kwa kuwaonea wivu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunaandika kwa sababu ya maswali mawili tuliyouliza katika mkutano wa tawi moja hapa Kampala. Swali la kwanza lilikuwa hili: Nani kati yetu amewahi kulala usiku mmoja tu kando ya ziwa kwa kupumzika, si kwa msiba wala si kwa kulinda mali ya mtu? Walikuwapo watu arobaini na zaidi, na hakuna mkono ulioinuka. Swali la pili: Nani ameuza likizo yake kwa mwajiri? Mikono ilijaa ukumbi mzima. Na sisi waandaaji wa chama, ambao kazi yetu ni kufundisha haki, tuliinua mikono yetu pia, maana uongo mbele ya wenzako haufai. Tuliuza mwezi wa pili, wakati wa karo za watoto.

Kutoka Kampala mpaka maji ya Ggaba au Port Bell ni safari fupi. Kwa hiyo kinachotuzuia si umbali.

Wengi wetu tunadhani mgeni yule alizaliwa na likizo mkononi, kama alivyozaliwa na rangi yake. Si kweli. Tazameni Ufaransa. Mpaka mwaka 1936 wafanyakazi wengi wa viwanda vya huko hawakuwa na likizo yenye malipo. Ufuko wa bahari ulikuwa wa matajiri. Mwezi wa tano na wa sita mwaka huo wafanyakazi waligoma kwa wingi, wakakaa ndani ya viwanda mchana na usiku, mitambo imezimwa. Tarehe 20 Juni 1936 sheria ikapitishwa: wiki mbili za likizo kwa mwaka, na mshahara unalipwa. Serikali ikatoa tiketi ya reli yenye punguzo la asilimia 40 kwa wafanyakazi. Majira ya joto yaleyale watu walioshika nyundo na cherehani maisha yao yote walipanda treni na baiskeli, wakaenda kuona bahari kwa mara ya kwanza. Hawakuwa na fedha za hoteli, wakalala katika mahema. Basi kambi hizi za pwani mnazoziona si anasa ya mabwanyenye peke yao. Sehemu kubwa ya mila hiyo ilijengwa na watu kama sisi.

Tazameni na Marekani. Wazee wengi wa huko na wa Kanada, baridi inapoanza, huondoka kaskazini na nyumba zao za magurudumu, wakateremka mpaka Florida na pwani ya Texas, wakakaa huko mpaka baridi iishe. Watu huwaita ndege wa theluji. Mzee wa kiwanda amepata wapi nafasi ya kukaa miezi mitatu ufukoni? Amepata katika pensheni. Mwaka 1970 wafanyakazi wa kampuni ya General Motors, chini ya chama chao cha UAW, waligoma siku 67. Moja ya mambo waliyoyapata ni njia ya kustaafu na pensheni baada ya miaka 30 ya kazi. Na mwaka huohuo chama hicho kilifungua kituo chake cha mafunzo huko Black Lake, katika jimbo la Michigan, kando ya ziwa. Wafanyakazi walikwenda na wake zao na watoto wao, wakasoma mambo ya chama na kupumzika. Kituo hicho kikawa pia na uwanja wa kambi, ambako mwanachama aliweza kuegesha nyumba yake ya magurudumu au kupiga hema. Chama cha wafanyakazi kikawa na ufuko wake!

Sasa turudi nyumbani. Sheria ya Kazi ya Uganda ya mwaka 2006 inasema wazi: kila miezi minne ya kazi inakupa siku 7 za likizo yenye mshahara kamili. Hizo ni siku 21 kwa mwaka. Haki hii ni ya mfanyakazi aliyetimiza miezi sita ya kazi mfululizo, awe mwendesha mitambo au mpalilia miwa. Si zawadi ya meneja, wala si jambo la kumwomba nyapara kwa kupiga magoti. Shirika la Kazi la Dunia, katika Mkataba wake nambari 132 wa mwaka 1970, limesema kwamba mapatano ya kuacha likizo ya chini kabisa ili kupewa fedha yawe batili au yapigwe marufuku. Wale walioandika maneno hayo waliijua njaa ya mfanyakazi, tena waliijua tamaa ya mwajiri. Walijua kwamba vitu viwili hivyo vikikutana mezani, anayeumia ni mmoja.

Hebu tufanye hesabu. Ukiuza siku 21 kila mwaka kwa miaka kumi, umeuza siku 210. Hiyo ni miezi saba ya maisha yako. Fedha yake ilikwisha dukani na shuleni zamani. Lakini mgongo ulioinama miezi saba hiyo haujarudi. Mama anayechuma chai anajua maumivu ya mabega. Kijana wa kiwandani anajua masikio yanayolia usiku. Hata mashine husimamishwa ikatiwa mafuta, na fundi analipwa kwa kazi hiyo. Je, mtu amekuwa duni kuliko mashine?

Tunajua jibu la wenzetu, na hatulidharau. Wanasema: Ndugu, likizo bila fedha ni njaa tu. Nikae nyumbani siku 21 nikitazama sufuria? Maneno haya yana ukweli. Mshahara wa chini uliotangazwa katika nchi hii mwaka 1984 ulikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa mshahara wa chini, na Rais hakuutia sahihi. Mtu anayelipwa kidogo huuza alicho nacho, na sisi tuna jasho na siku zetu tu. Lakini fikirini vizuri. Kila tunapouza likizo, tunamsaidia mwajiri kuficha kwamba mshahara hautoshi. Anaziba tundu la mshahara kwa kiraka alichokikata kwenye shati letu wenyewe. Dawa ya mshahara mdogo ni kudai mshahara mkubwa, wala si kuuza usingizi.

Wengine wanasema: Kambi na mahema ni mambo ya wazungu, sisi tukipata likizo twende kijijini. Kijijini twende, nani amekataza? Lakini wengi wetu tukifika huko tunapewa jembe, na tunarudi kazini tumechoka kuliko tulivyoondoka. Siku tatu kando ya maji, mume na mke na watoto, hakuna king'ora cha kiwanda, hiyo si dhambi.

Na maji hayo ni ya nani? Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 237, inasema serikali inashika maziwa, mito na maeneo yaliyotengwa kwa utalii kama amana, kwa faida ya raia wote. Mfanyakazi ni raia. Tuliwahi kwenda Jumapili moja, wajumbe wa kamati, kuuliza bei katika kambi moja ya ufukoni. Mlinzi, ambaye mwenyewe ni mfanyakazi mwenzetu, aliagizwa atuambie kwamba hapo ni pa wageni. Hatukumkasirikia mlinzi. Tulimpa kadi ya kujiunga na chama.

Hapo tufungue macho. Katika kambi hizo wapo wapishi, wafagiaji, walinzi na waendesha boti. Wageni wakijaa wanafanya kazi usiku na mchana. Wageni wakiondoka, wengi wanaambiwa warudi nyumbani mpaka msimu ujao, kwa sababu ni vibarua. Kanuni za Kazi za mwaka 2011 zinakataza kumweka mtu kibarua zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi na haki zake zote. Wale pia tuwaandikishe. Likizo ya mtu mmoja isiwe utumwa wa mwingine.

Kwa hiyo tunaleta mapendekezo haya mbele ya mikutano ya matawi. Kwanza, katika mapatano yajayo na waajiri tudai likizo itolewe kwa siku, na pamoja nayo posho ya likizo, ili mtu asipumzike na njaa. Pili, ratiba ya likizo ibandikwe ukutani, kila mtu aone zamu yake. Tatu, kila tawi lianzishe mfuko mdogo wa mapumziko, wenye mweka hazina na daftari linalosomwa mbele ya wanachama. Kwa fedha hiyo tununue mahema ya chama, mahema ambayo mwanachama huyu atayatumia wiki hii na yule wiki ijayo. Nne, viongozi watafute uwanja wa kukodi kando ya ziwa, bei ya kundi, siku ambazo wageni ni wachache. Tano, kila mmoja ahakikishe anachangiwa NSSF, asilimia 10 ya mwajiri na 5 yake. Tangu marekebisho ya mwaka 2022 mwajiri hana udhuru kwamba wafanyakazi wake ni wachache. Uzee nao unahitaji kivuli.

Na tukienda, twende kwa akili. Ziwa letu lina kichocho, basi tusiingie maji ya kando yenye majani na konokono. Boti isiyo na maboya ya kuvaa, au iliyojazwa kupita kiasi, tusiipande hata kama muziki wake ni mtamu. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama karibu na pwani ya Mukono, na watu zaidi ya 30 wakafa. Walitaka kupumzika tu.

Ndugu, likizo si nguo kuukuu ya kupeleka sokoni ukikwama. Wenzetu wa nchi nyingine waliilipia kwa migomo na njaa, na wanaokuja ufukoni kwetu kila Desemba wanakula matunda ya mti huo. Mti wetu umeandikwa katika sheria ya mwaka 2006. Tusiukate tukauze kuni. Mkutano wa tawi lako ukiitwa, njoo, na ukiulizwa tena nani ameuza likizo yake, mkono wako ukae chini.

Umoja ni nguvu.