Idd mosi ufuoni: Nani anawaangalia watoto?

SIKU ya Idd mosi, sala ikiisha na watoto wakishapata mkono wa Idd, familia nyingi za Likoni hufunga safari ya Shelly Beach. Za Kisauni huelekea ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, ambao wengi wetu tunauita Pirates. Za Changamwe, ambazo bahari yao ya Port Reitz ni matope na mikoko, hupanda matatu kutafuta mchanga kwa wenzao. Ni jambo jema. Mtoto anayeshinda chumbani mbele ya televisheni anahitaji kukimbia na kupigwa na upepo.

Mimi hupenda Shelly kwa sababu ya utulivu wake. Mwamba ulio mbele huyavunja mawimbi kabla hayajafika pwani, na maji yakipwa hubaki vidimbwi ambamo hata mtoto wa miaka mitatu anaweza kuchezea samaki wadogo. Utulivu huo ndio uliotaka kutuponza sisi Idd moja.

Tulifika yapata saa tano. Maji yalikuwa yamepwa kabisa. Tukatandika mikeka, sufuria ya biriani ikawekwa kivulini, watoto tisa wakaenda kuchezea vidimbwini. Watu wazima tulikuwa saba. Ilipokaribia saa nane, kijana mmoja aliyekuwa akipita na beseni lake la mihogo aliliangusha ghafla na kukimbilia majini. Alirudi amembeba mtoto wa ndugu yangu, mwenye umri wa miaka sita. Alikuwa hatua kama kumi na tano tu kutoka mkekani. Hakuna hata mmoja wetu aliyesikia sauti. Mtoto alitapika maji, akalia, na kilio kile kikawa furaha yetu. Baadaye tulipoulizana, kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyekuwa akiwatazama.

Wazazi wenzangu, kuna jambo ambalo sisi watu wa pwani tunapaswa kulijua, kwani babu zetu wavuvi walilijua vyema. Idd-ul-Fitr huja na mwezi mwandamo, na mwezi ukiandama ni bamvua. Kwa hivyo kila Idd hiyo huangukia siku za maji makubwa. Isitoshe, hapa Mombasa maji ya bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa hadi saa kumi au saa kumi na moja jioni. Hizo ndizo saa hasa ambazo sisi tupo mchangani. Tunafika tukiona bahari imekwenda mbali, tunawaachia watoto, na tangu hapo maji yanarudi.

Tena hayarudi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huja polepole hata usitambue. Saa za katikati ndipo huja kwa kasi. Kwa kuwa tofauti ya maji kupwa na kujaa siku za bamvua hupita mita tatu, baina ya saa saba na saa tisa alasiri maji yanaweza kupanda kama mita moja na nusu, nayo yanamfunika mtoto wa miaka sita. Kidimbwi alichosimama saa tano hakipo tena saa nane.

Jambo la pili ni kwamba anayezama hapigi kelele. Tumezoea kufikiri kuwa atapunga mikono na kuita. Mwenye maji mdomoni hana pumzi ya kuita, na mikono yake inajaribu kuusukuma mwili juu. Ukitazama kwa mbali utadhani anacheza. Dakika chache zatosha kuharibu ubongo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka wa 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na karibu robo yao walikuwa watoto walio chini ya miaka mitano.

Maoni yangu ni kwamba tuweke zamu. Mtu mzima mmoja, kwa nusu saa, kazi yake iwe watoto tu. Asile, asishike simu, asipige soga. Awe majini, si mkekani, na walio wadogo wawe karibu kiasi cha kufikiwa kwa mkono. Akichoka, amtaje kwa jina anayempokea. Kusema "tuwaangalieni watoto" ni sawa na kutomwambia yeyote. Zile tubu za gari zinazokodishwa ufuoni nazo zisimdanganye mtu. Hupinduka, na upepo ukivuma kutoka bara huzipeleka kilindini.

Ikiwa ajali imetokea nawe hujui kuogelea, usijitose, maana mtazama wawili. Tupa dumu tupu lililofungwa kifuniko, au fungeni leso mbili tatu pamoja mzirushe. Mtoto akitolewa hapumui, msimning'inize miguu juu wala msimkamue tumbo, jinsi nilivyoona watu wakifanya. Mlazeni chali mahali pagumu, inueni kidevu, mzibeni pua, mpulizieni pumzi tano mdomoni. Asipoonyesha dalili ya uhai, bonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu na haraka mara 30, pumzi mbili, kisha tena, bila kukoma, huku mwingine akiita msaada. Akizinduka, apelekwe hospitali hata kama anacheka, kwa sababu mapafu yaweza kuharibika saa kadhaa baadaye. Kwa sisi wa Likoni, hospitali kuu ya rufaa iko ng'ambo ya feri. Pumzi za kwanza zitoke kwetu.

Kuna aibu nyingine. Tumezaliwa kando ya bahari, lakini wengi wetu, hasa kina mama, hatujui kuogelea. Hatujasahau Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka na watu 272 wakafa karibu na nchi kavu. Wapo wasemao stara haimruhusu msichana kuogelea. Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafunza wasichana kuelea na kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kuwasitiri mwili mzima. Sioni kwa nini walimu wetu wa Likoni na Kisauni wasiweze, maji yakiwa mafu na bahari ikiwa shwari. Na kaunti nayo, inapopanga sikukuu, iweke waokoaji ufuoni kuanzia saa sita mchana, wakati maji yanapoanza kuja, badala ya kungoja watu wajae jioni.

Kijana wa mihogo tulimlipa beseni lake lote, akaona haya kupokea. Idd ijayo zamu ya saa saba ni yangu, na biriani yangu wameahidi kuniwekea.