Tuuulize Mwamba wa Kale Wepesi Wake

Wengi wetu tulifunzwa skuli kwamba dunia hii, ilipoumbika takriban miaka bilioni 4.5 iliyopita, ilikuwa tufe la moto ambalo baadaye lilipoa. Na somo likaishia hapo, kana kwamba kupoa ni jambo lisilohitaji sharhi. Nami naona kwamba lipo swali linalostahili kutangulia lile la joto: mwamba ule ulioyeyuka, katika kina cha mamia ya kilomita, mnato wake, yaani jinsi ulivyokataa kutiririka, ulikuwa wa kadiri gani?

Aghalabu watu hudhani kuwa mwamba ulioyeyuka ni kitu kizito kinachojikokota. Maulamaa wa elimu hii hutwaa kipande kidogo cha peridotiti, aina ya mwamba uliojaa chini ya ganda la dunia, wakakibana kwa shinikizo kubwa mno na kukipasha moto hadi nyuzi 2,000 hivi za Selsiasi, ilhali ndani yake wamekwisha kutia tufe dogo la metali lililo mfano wa punje ya mchanga. Mwamba ukiyeyuka tufe huzama, na kwa miale ya eksirei, katika maabara kama ile ya SPring-8 nchini Japani, huitazama safari hiyo fupi, kisha kwa kanuni aliyoitoa George Gabriel Stokes mwaka 1851 huhesabu mnato kutokana na mwendo wa tufe. Jawabu lao ni kwamba mwamba huo hutiririka kama mafuta ya kupikia. Mwamba huohuo ukiwa yabisi, kama ulivyo leo chini ya miguu yetu, hutambaa sentimita chache tu kwa mwaka.

Wepesi huo una matokeo makubwa. Katika bahari iliyochafuka ya mwamba ulioyeyuka ya dunia ile changa, chuma kilipasuka kikawa matone madogo, nayo katika kuzama kwake yakachukua nikeli na kobalti kutoka katika mwamba yalimopita, hata yakakusanyika kuwa kiini cha dunia. Mvuke wa maji na gesi za kaboni nazo zilipata njia ya kupanda juu na kuwa hewa ya mwanzo. Lau mwamba ungekuwa mzito, mambo hayo yote yangekwenda kwa taratibu nyingine.

Ushahidi wa wepesi huo, wa zama za baadaye, uko barani mwetu. Mwaka 1969, ndugu wawili, Morris na Richard Viljoen, walieleza habari za miamba ya bonde la mto Komati, huko Barberton, Afrika Kusini, ambayo ni zaha ya volkano iliyomwagika zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita ikiwa na joto la nyuzi 1,600 hivi, na kwa hiyo ikatiririka kwa wepesi. Kwa jina la mto huo ikaitwa komatiiti.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni anasa ya wenye mali. Basi na waulize habari za Nyiragongo, mlima wa volkano ulio karibu na mji wa Goma nchini Kongo. Zaha yake ina silika kidogo, na silika ndiyo inayoshikamanisha mwamba ulioyeyuka na kuufanya mzito; kwa hiyo tarehe 10 Januari 1977, mbavu za mlima zilipopasuka, ziwa la zaha lililokuwa kileleni lilimwagika lote kwa muda usiotimia saa moja, likateremka kwa mbio zilizokadiriwa kufika kilomita 60 kwa saa, na watu wengi wakafa pasipo nafasi ya kukimbia. Kanuni iliyouongoza mwamba wa kale ndiyo hiyohiyo iliyowaua.

Mashinikizo makubwa na miale ya Japani hatuwezi kuyapata kesho, nami siyadai. Lakini tanuri la kuyeyushia zaha, na fimbo ya kuzungusha ndani yake ili kupima inavyokataa kuzunguka, ni vyombo visivyopita uwezo wa serikali zetu. Vyuo vikuu vya Goma, Nairobi na Dar es Salaam na vishirikiane kuvinunua, na mawe ya kuanzia kazi yachukuliwe Nyiragongo.