Wataka kuwa daktari wa watoto mahututi?

Tuseme umempeleka mwanao wa miaka 3 akamtembelee nyanya yake huko Rangwe, Kaunti ya Homa Bay. Usiku wa manane simu inalia: mtoto ana homa kali, ameshikwa na degedege, na sasa hamtambui mtu. Sehemu za Ziwa Victoria zina malaria nyingi, na malaria kali humwishia mtoto damu au kumpoteza fahamu kwa muda mfupi. Nani atamwokoa?

Wengi watajibu: daktari bingwa. Lakini bingwa wa watoto mahututi haivi upesi. Wewe mwanafunzi unayeitamani kazi hii, piga hesabu nami. Ukifaulu vyema sekondari, hasa baiolojia na kemia, utasomea udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi kwa miaka 6. Kisha mwaka 1 wa kufanya kazi hospitalini chini ya wakubwa wako. Ubingwa wa magonjwa ya watoto huchukua miaka 3 au zaidi. Ndipo uingie mafunzo ya dharura na watoto mahututi, miaka 2, yaliyoanzishwa nchini mwaka 2013 kwa ushirikiano wa chuo hicho, Hospitali ya AIC Kijabe na wenzao wa Seattle, Marekani. Jumla si chini ya miaka 12.

Miaka yote hiyo ni ya kujifunza nini? Mashine za kupumulia, ndiyo, lakini zaidi ni kutazama, na wakati mwingine kuuzuia mkono. Zamani mtoto mwenye homa ambaye damu yake haizunguki vizuri aliharakishiwa maji mengi ya dripu. Mwaka 2011 Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Wagonjwa wa kuhara hawakuwemo. Kati ya kila 100 walioharakishiwa maji, karibu 11 walikufa katika saa 48. Wasioharakishiwa, walikufa 7. Mwenye pupa, basi, kazi hii itamshinda.

Turudi Rangwe. Usiku ule bingwa yu mbali. Atakayempokea mwanao ni muuguzi au afisa wa kliniki, naye atapima pumzi, damu na sukari, atamchoma sindano ya malaria, kisha aamue kama apelekwe Homa Bay mjini au Kisumu. Ndiyo maana bingwa wa kweli hajifungii wodini. Huwafundisha hao pia.

Nawe mzazi una zamu yako. Mpigie nyanya umwambie: degedege haingojwi hadi kuche. Mtoto apelekwe hospitali usiku huo huo.