Nyoka Wawili, Sanduku Moja?

Sisi tunaofuga nyoka hapa chuoni hatuishi kubishana: je, nyoka wawili wakikaa pamoja, hutambuana? Wapo wanaosema nyoka hana habari na mwenzake, hivyo sanduku moja la kioo linatosha. Hatukubaliani nao.

Nyoka hana sikio la nje, lakini ana ulimi. Kila anapoutoa hunasa chembe za harufu na kuzipeleka kwenye kiungo cha Jacobson, juu ya kaakaa. Hivyo hujua nani kapita. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wilfrid Laurier, Kanada, walichapisha utafiti kuhusu nyoka wadogo waitwao garter. Nyoka hao walichagua wa kukaa naye, tena si yeyote tu.

"Basi tuwaweke pamoja wafurahi!" watasema wengine. Haraka hiyo haina baraka. Garter si chatu, wala si kingsnake, ambaye hula nyoka wenzake. Na wawili wakilaliana chini ya taa, tusidhani ni mapenzi. Huenda wanagombea joto. Nyoka halii. Dhiki yake tutaiona akisusa chakula au akijificha mchana na usiku.

Msimamo wetu ni huu: kwa kuwa nyoka humtambua mwenzake, kila mmoja apewe sanduku lake, isipokuwa aina inayojulikana kuvumiliana. Fahali wawili hawakai zizi moja. Asiyemudu masanduku mawili, afuge nyoka mmoja.