Twende Nzilo na watoto

Wamama wapenzi, likizo imefika. Tangu 2014, watoto wetu wa Kasulo wamezoea kuona mashimo ya kobalti yakichimbwa hadi ndani ya viwanja vya nyumba. Wengi hawajauona mto Lualaba, ambao mbele unakuwa mto Kongo.

Tuweke pesa kidogo kidogo kama katika likelemba, tukodi gari, twende Nzilo. Huko mto umekata mawe na kufanya korongo lenye kuta ndefu. Iko pia baraji ya miaka ya 1950, inayotoa umeme kwa nguvu ya maji.

Tubebe bukari na samaki. Kila mama achunge watoto watatu, na asiwepo wa kusogelea ukingo.

Watoto wajue kwamba nchi yetu ina mali isiyochimbwa.