KIVULI CHA KWANZA NI CHA KIONGOZI MUADILIFU

Vijana wetu wa Kisii na Nyamira,

Kuna msemo tunausikia hata barazani mwa msikiti: "Siasa ni ya dunia, sisi tunatafuta akhera." Haya, tuiangalie hiyo akhera.

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alitaja watu saba watakaopewa kivuli na Allah siku ambayo hakuna kivuli ila chake. Aliyetangulia kutajwa ni kiongozi muadilifu, kabla ya mtoa sadaka, kabla ya anayelia akimkumbuka Mola wake. Wa pili je? Ni kijana aliyekulia katika ibada. Yaani wewe na kiongozi mmetajwa mkifuatana.

Sasa mkumbuke Ibn al-Lutbiyya. Alitumwa kukusanya zaka, akarudi akisema hii ni yenu na hii nimezawadiwa mimi. Mtume akapanda mimbari akauliza: angekaa nyumbani kwa wazazi wake, hiyo zawadi ingemfuata? Akaonya kuwa mwenye kuchukua hivyo atakuja Kiyama amebeba alichochukua shingoni, awe ngamia, ng'ombe au mbuzi, na mnyama analia.

Mambo haya hayako mbali nasi. Machi 2024 Seneti ilimwondoa naibu gavana wa Kisii, Dkt. Robert Monda. Shtaka moja lilidai alipokea pesa za mtu aliyetaka kazi katika kampuni ya maji, yeye alikana. Hukumu ya akhera hatumsemei mtu. Lakini swali la Mtume linamhusu kila mwenye ofisi, mpaka karani.

Nasi tunahusika. Surat Al-Ahzab, aya ya 67, inawaonyesha watu wa motoni wakijitetea kwamba waliwatii wakubwa wao wakapotezwa. Utetezi huo hauwatoi. Basi ukipewa mia mbili na fulana pale Daraja Mbili au Keroka, jua unauza nini.

Usiseme Waislamu huku Gusii ni wachache. Chukua kitambulisho, jiandikishe IEBC, hudhuria vikao vya bajeti ya kaunti, uliza pesa zimeenda wapi. Tarehe 10 Agosti 2027 si mbali.

Kura ni amana, na amana huulizwa.

Wabillahi tawfiq.