Jedwali la Dozi Lisikatwe Kichwa

Mtoto mwenye malaria isiyo kali, uzito wa kilo 15 hadi chini ya 25, hupewa vidonge 2 vya ALu ya miligramu 20/120, mara 2 kwa siku, kwa siku 3. Jedwali likivuka ukurasa na vichwa vya safu vikabaki nyuma, muuguzi huona tarakimu tupu: 2, 2, 3. Ipi ni vidonge, ipi ni siku? Kwa maoni yangu, kupanga jedwali ni sehemu ya tiba, si urembo wa karani. Katika Word, teua mstari wa vichwa, uagize urudiwe kila ukurasa, kisha zuia mistari isikatwe katikati. Chapisha, kagua, ndipo ubandike. Nawe mzazi, usipoielewa karatasi uliyopewa, uliza kabla mtoto hajameza.